Kahawa ya Alkhamisi

Wageni wa heshima wana tabia moja mbaya: huja siku nyumba iko ovyo. Alkhamisi ile Zakiya alikuwa uani anaosha mazulia, leso kichwani, povu mpaka viwikoni, kengele ya mlango ikalia. Akachungulia dirishani. Gari jeupe limesimama, wazee watatu wanashuka, majoho juu ya kanzu, bakora mkononi, na wa mbele yao ni Ami Muhanna mwenyewe, ami yake mumewe. Miaka ishirini ameolewa, yuko papa hapa Ghubra, Omani, na Ami Muhanna hajapata kukikanyaga kizingiti chake tangu siku ya harusi.

Na hiyo harusi ndiyo iliyomkaa kooni mpaka leo. Jamaa za Muhanna, watu wa bara ya Omani, walitengewa biriani lililopikwa na mama yake Zakiya kwa siku mbili. Walilidonoa kwa ncha za vidole, wakaomba maji ya kunawa. "Chakula cha Kizinjibari," mmoja wao alisema kwa Kiarabu, akidhani bibi harusi hajui lugha. Alikuwa anaijua vizuri sana.

"Ya Rabbi, leo wamekuja kwa miguu yao," Zakiya alijisemea, huku anajifuta mikono mbio mbio. "Leo watakula mpaka wajute kuzaliwa."

Mumewe, Suud, hakuwapo. Alikuwa Khuwair ya Kusini kutafuta saini ya mwisho, na saini hiyo ndiyo iliyowaleta wageni, ingawa Zakiya hakulijua hilo.

Suud alikuwa fundi wa pampu za maji. Karakana yao ilikuwa ya serikali tangu ilipojengwa. Lakini kufikia mwaka ule wa elfu mbili na sita, serikali ilikuwa imeshaamua kwamba mafuta si ya milele, uchumi lazima ujengwe upya, na njia mojawapo ni kuwauzia matajiri zile kazi ambazo zamani ilizifanya yenyewe. Karakana ya pampu ikapata mnunuzi. Mnunuzi akasema mitambo anaitaka, watu hawataki wote. Mafundi thelathini na mmoja, wale wakongwe wenye mishahara mikubwa, waage. Na mwaka huo huo, serikali hiyo hiyo, ikatoa ruhusa wafanyakazi waunde chama chao, naqaba. Haya, mtu anakung'olea paa, kisha anakupa mwavuli! Mafundi waliona bora huo mwavuli kuliko kukaa juani. Chama kikisajiliwa kabla karakana haijakabidhiwa, kampuni italazimika kukaa nacho kitako kabla ya kumgusa mtu. Kisiposajiliwa, kila mtu atapokea barua yake peke yake, aende zake.

Makabidhiano yalikuwa Jumatatu. Karatasi ya majina ilitakiwa ifike wizarani si zaidi ya Jumapili asubuhi; ofisi zingefunguliwa Jumamosi, baada ya mapumziko ya Alkhamisi na Ijumaa. Mafundi wa Kihindi waliogopa viza zao, hawakutia saini. Waomani wengine waliogopa tu, bila ya sababu ya kuitaja. Kwa hiyo majina yalikuwa yale yale yanayotakiwa na sheria, na hata moja halikuzidi. La kwanza juu kabisa lilikuwa la Suud, mwenyekiti.

*

Zakiya aliwakaribisha wazee ndani ya majlis, chumba cha wageni, akawaambia mwenye nyumba yuko njiani. Kwa adabu aliyolelewa nayo Malindi, Unguja, ami wa mume ni baba, humfichi uso. Akaleta sinia: halwa, tende, vileja alivyooka mwenyewe juzi, na birika la kahawa yenye iliki. Akamimina vikombe vitatu, akarudi nyuma ya pazia.

Akangoja asikie vikombe vikigongana. Kimya. Akalisogeza pazia kidogo. Wazee walikuwa wamekaa kama walivyokuwa, na vikombe vyote vitatu vimewekwa chini, juu ya zulia, mbele ya magoti yao. Havikuguswa. Hata tende moja haikutoka sahanini.

Dakika tano. Kumi. Zakiya alihisi uso unamwaka moto. Kumbe miaka ishirini haikubadilisha kitu! Wamekuja mpaka nyumbani kwake kuja kumwonesha kwamba kahawa ya Mzinjibari hainyweki. Akatamani kulia, akatamani kuwafukuza, na mwisho akafanya lile ambalo mwanamke yeyote wa Unguja angelifanya: akaingia ndani kuwabembeleza.

"Ami, kahawa inapoa," alisema kwa Kiarabu chake.

"Inapoa kweli, binti," Muhanna alijibu. Alikuwa mzee mwembamba, sauti yake ya chini. "Tuna haja katika nyumba hii. Tukipewa haja yetu, tutakunywa."

Zakiya alicheka, kwa jinsi alivyofarijika. Kumbe ni haya tu za ugenini! Kwao mgeni akisema ana haja, huambiwa haja zote zimekubaliwa, kula kwanza, halafu mtu akashiba na mazungumzo yakaanza.

"Haja gani tena, ami yangu? Si nyumba yenu hii! Mlilolijia mmeshapewa. Kunyweni, Mungu akuwekeni."

Muhanna alimtazama. Mmoja wa wale wazee wawili aliinamisha macho, akaanza kuvichezea vishada vya zulia.

"Mmesikia?" Muhanna aliwauliza wenzake.

"Tumesikia," walijibu.

Basi wakanywa. Wakanywa vikombe vitatu vitatu, kisha kila mmoja akakitikisa kikombe chake kuashiria kwamba ametosheka. Wakala halwa. Ami Muhanna alikula vileja viwili na kuuliza ni mkono wa nani. Zakiya alijibu kwa furaha kwamba ni mkono wake. Hawakumngoja Suud. Mlangoni, Muhanna alisema, "Mwambie mwanangu tumekunywa kahawa yake."

*

Taghreed, binti yao wa pekee, alirudi akamkuta mama yake anaimba jikoni.

"Nani kaja, mama?"

"Ami Muhanna! Na wenzake wawili. Kala vileja vyangu, viwili! Mwanzo walijitia hawanywi, vikombe wameviweka chini, nikawaambia haja yenu mmeshapewa, kunyweni. Wakanywa weee!"

Taghreed aliweka mkoba wake juu ya meza. Alisoma chuo na wasichana wa bara, alishawahi kulala majumbani kwao. "Uliwaambia mmeshapewa? Kwa maneno hayo hayo?"

"Kwani nilikosea nini? Ndiyo adabu."

"Mama, watu wale hawafanyi mchezo na kikombe. Mgeni akiiweka kahawa chini anamwambia mwenye nyumba nna ombi. Mwenye nyumba akimwambia kunywa, keshalitoa. Harudi nyuma. Mtu husamehewa damu kwa kikombe kile."

"Sasa haja yenyewe ni ipi? Mbona hawakusema?"

"Ndo hapo sasa," alisema Taghreed.

Mlango wa mbele ukafunguliwa, kicheko kikaingia. Suud alikuwa amerudi na Khalid, jirani na mwenzake karakanani, fundi aliyefanya kazi miaka ishirini na miwili, jina lake limo katika wale thelathini na mmoja. Mkewe Khalid, Wadha, ndiye shoga yake Zakiya wa kufa na kuzikana.

"Imetimia!" Khalid alipiga kelele, akiinua bahasha. "Bi Zakiya, lete hiyo halwa, leo ndo leo!"

Simu ya mkononi ya Suud ikalia. Akaipokea amesimama, akitabasamu. Tabasamu likafa. Alisema "ndiyo, ami" mara nne, na mara ya nne hakuna aliyemsikia ila Zakiya, kwa sababu alikuwa anamwangalia midomo. Alipoikata simu alikaa chini, juu ya zulia, pale pale vilipowekwa vile vikombe.

"Mkurugenzi mpya wa kampuni alikwenda kwa ami," alisema. "Kamwomba aje. Haja yao ni karatasi isifike wizarani. Anasema nyumba yangu imeshakubali, na mashahidi wawili."

Hakumtazama Zakiya. Hilo ndilo lililomuumiza, afadhali angelimtukana.

"Lakini mkeo hakujua!" alisema Khalid. "Si umwambie? Mwambie hakujua!"

"Nimwambie hivyo? Nimwambie Wazinjibari ni kweli, kama mnavyosema, hawajui mila za Waarabu? Khalid, mwaka wa sabini na tano mimi na mama tulishuka hapa na sanduku moja. Hakuna pasi, hakuna cheti. Muhanna ndiye aliyekwenda kusimama mbele ya wakubwa akasema hawa ni watoto wetu, kabila letu. Kwa neno lake, basi. Hakuandika chochote. Jina nililolitia kwenye karatasi hiyo ni yeye aliyenipa. Leo nimwambie neno la nyumba yangu si neno?"

Khalid aliitazama bahasha. Kisha akasema polepole, "Na wewe jina lako halimo katika wale thelathini na mmoja."

"Khalid."

"Sikulaumu. Nasema tu. Halimo."

Akaiweka bahasha juu ya sinia, kando ya halwa, akatoka. Mlango hakuufunga.

*

"Nilidhani wamenidharau," Zakiya alisema baadaye, walipobaki wawili.

"Wamekudharau kweli," Suud alijibu. "Lakini si kwa kutokunywa."

Zakiya alikaa na maneno hayo usiku kucha. Asubuhi ya Ijumaa alivaa buibui lake jipya, akamwambia Taghreed amtie garini. Nyumba ya mtoto wa Muhanna, alikofikia mzee, ilikuwa Mabela, kubwa, mpya, bado inanuka rangi. Zakiya alikuwa ameshalipanga jambo lake na alikuwa na uhakika nalo. Kama kikombe ndicho kilichofunga, basi kikombe kitafungua.

Walipokewa upande wa wanawake kwa bashasha kubwa. Mke wa Muhanna mwenyewe ndiye aliyemimina kahawa. Zakiya akakipokea kikombe kwa mkono wa kulia, akakiweka chini mbele ya goti lake.

"Nna haja," alisema.

Wanawake walitazamana. Mmoja akacheka, si kwa ubaya. "Kunywa kwanza, dada yangu, umetoka mbali."

"Nna haja kwa mwenye nyumba. Sinywi mpaka nipewe."

"Masikini, imepoa," alisema mke wa Muhanna, akakichukua kikombe, akamwaga, akamimina kingine cha moto. Zakiya akakiweka chini. Wakazungumza habari za watoto, za bei ya viwanja, za harusi ijayo. Kikapoa. Kikabadilishwa. Cha tatu nacho kikabadilishwa, kwa upole ule ule, kama vile anahudumiwa mgonjwa. Taghreed aliinamia mikono yake, masikio yamemwiva. Hapakuwa na mtu aliyemkatalia mama yake. Wao hawakuona hata kwamba ameomba.

Mwisho mzee alikohoa mlangoni, akaingia kuwasalimia jamaa. Macho yake yakashuka moja kwa moja mpaka kwenye kikombe. Alikiona, na alikielewa, na Zakiya alimwona akielewa.

"Ami, mie sikujua," alisema.

"Najua hukujua, binti."

"Ulijua tangu jana?"

"Nilijua."

"Basi nirejeshee neno langu. Kuna watu thelathini na mmoja, wana watoto. Mwengine ni jirani yangu, tunakula chungu kimoja."

Muhanna aliegemea bakora yake. Labda alisikia huruma. Uso wake ulikuwa wa mtu mwenye huruma. "Na mimi nimeshatoa langu kwa walionituma," alisema. "Suud atapata kheri yake, nimeshazungumza nao." Kisha akamgeukia mkewe. "Kahawa ya binti yetu imepoa. Mbadilishieni."

Akatoka. Na kikombe cha nne kikamiminwa.

Garini Zakiya alilia kwa sauti. "Jana maneno yangu yalikuwa ya nyumba nzima, mpaka na mashahidi," alisema. "Leo ni ya mwanamke tu!" Taghreed akaendesha.

*

Jumamosi Suud aliamka mapema, akavaa kanzu iliyopigwa pasi, akafunga kilemba chake cha kazi rasmi. Akachukua bahasha, akaingia garini, akatia moto. Zakiya alisimama dirishani. Gari liliunguruma pale pale mbele ya baraza nusu saa nzima, halikusogea hata hatua. Zakiya akashuka, akagonga kioo.

"Nenda," alimwambia. "Nenda, Suud. Acha nitukanwe mie. Waseme mke wa Suud hajui mila, hana adabu, potelea mbali."

"Hutatukanwa peke yako. Watamtukana mama yangu kaburini, na siku Taghreed akija kuposwa watauliza, hawa ni kina nani? Nani atatushuhudia tena?"

"Na Khalid je?"

Suud aliukamata usukani kwa mikono miwili. Mikono ile iliweza kufungua pampu ya tani mbili na kuifunga tena bila ya kubaki hata skrubu moja. "Sijui, Zakiya," alisema. "Nazunguka, nazunguka, kila ninapotokea nakuta ukuta." Akazima gari.

Mchana alimpelekea Khalid bahasha mkononi. Jina lake la juu alikuwa amelipiga mstari. Basi karatasi ikapungukiwa na jina moja. Kufikia alasiri ilipungukiwa na manne, maana watu walipoona la mwenyekiti limekatwa walikuja mmoja mmoja kuomba kalamu. Khalid alihangaika mpaka magharibi kutafuta wa kujazia, akienda mpaka kwa madereva na walinzi. Wote walimkaribisha vizuri, wakampa maji, wakamwombea dua.

Jumatatu karakana ilikabidhiwa, na mkataji utepe alipigwa picha. Jumatano barua zilitoka. Thelathini na moja, hakuna aliyeongezwa wala aliyepunguzwa, kila mmoja akaitiwa ofisini peke yake. Barua ya thelathini na mbili ilikuwa ya Suud: amepandishwa cheo, msimamizi wa karakana. Hiyo ndiyo kheri yake. Aliileta nyumbani imekunjwa mara nne, akaitia chini ya godoro kama kitu cha wizi, na kesho yake akaenda kazini, kwani angefanya nini?

*

Wiki mbili zilipita, Wadha haonekani. Walizoea, yeye na Zakiya, kila saa nne asubuhi kunywa kahawa pamoja, leo kwako, kesho kwangu, tangu watoto wao wanatambaa. Zakiya alipika mara mbili akapeleka. Mara zote mbili mlango haukufunguliwa, ingawa alisikia redio ndani.

Siku ya kumi na tano, saa nne, kengele ililia. Wadha alikuwa mlangoni na sufuria kubwa la Zakiya, lile aliloazima siku ya Idi.

"Nimekuja kukurejeshea," alisema. "Tunahama. Tunakwenda kukaa kwa kaka yangu, vyumba viwili wametupa."

Zakiya akalipokea. Lilikuwa jepesi. Akafunua mfuniko: limeoshwa, limefutwa, halina kitu. Baina yao hakijapata kurudi chombo kitupu, hata mwaka ule Khalid alipolazwa Wadha alitia japo ndimu tatu.

"Pita, shoga yangu. Pita ukae, japo kidogo."

Wadha aliingia, akakaa pale anapokaa siku zote. Zakiya alikimbilia jikoni, akaiteleka kahawa, akatia iliki zaidi kama Wadha anavyoipenda. Akamimina. Wadha akakipokea kikombe kwa mkono wa kulia, akakitazama, kisha akakiweka chini, juu ya zulia, mbele ya goti lake.

Zakiya akapata matumaini. Alikaa chini mbele yake, akamshika mkono.

"Una haja, Wadha? Sema. Wallahi sema chochote, nakupa. Dhahabu zangu zipo, zote. Nitakwenda kwa mkurugenzi mwenyewe nimpigie magoti. Nitamwambia Suud aiache kazi. Sema tu, shoga yangu, ushapewa."

Wadha hakuuvuta mkono wake. Aliuacha pale, baridi, kama kitu kisichokuwa chake.

"Kwako mie sina haja, Zakiya," alisema.

Wakakaa hivyo. Mvuke wa kahawa ukapungua, ukakatika. Nje mtu alikuwa anaita bei ya samaki garini. Mara kadhaa Zakiya alifungua mdomo kusema lile neno ambalo kila mwenye nyumba wa Unguja analisema bila ya kufikiri, kunywa, kunywa basi, na kila mara lilimgomea kooni. Kisha Wadha akainuka, akajifunga buibui lake, akatoka, na kikombe kikabaki pale pale kimejaa mpaka Suud aliporudi kazini jioni akakikuta, akauliza ni cha nani.